SOMO: KIANGAZI SI MUDA WA BURE
Mapumziko ya mwili, ya udongo na ya fikira



Somo la toleo hili ni la kusomwa katika kikundi: kikundi cha akina mama, cha vijana, cha wazee, ama familia tu ikiwa imekaa pamoja jioni. Mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, halafu mjibu maswali yaliyo mwishoni. Hakuna haja ya kulimaliza siku moja. Chukueni mikutano mitatu ama minne. Somo la mapumziko halisomwi mbio mbio.

Ndiyo, ni somo la mapumziko. Najua wengine watacheka. "Mkulima apumzike? Ng'ombe atakamuliwa na nani? Karo ya Januari italipwa na nani?" Hayo ni maswali mazuri na tutayafikia. Lakini kwanza tujiulize jambo moja. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi katikati ya Machi, Mungu huifunga mvua hapa kwetu. Je, tunajua tumepewa muda huo kwa kazi gani?

1. MAJIRA YANA MAJINA

Huko Ulaya, miezi hii ni ya baridi kali. Theluji huanguka, ardhi hugandamana, na mkulima hufungiwa nyumbani atake asitake. Hurekebisha vyombo vyake, huhesabu chakula cha mifugo, husoma na kupanga. Sisi hatuna theluji. Hapa kwetu anayefunga shamba ni jua. Nyasi hukauka, vumbi huinuka barabarani, upepo hupiga mabati, na Mlima Elgon hufichwa na moshi wa watu wanaochoma mashamba.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mahindi yake huchukua muda mrefu. Hupandwa Machi ama Aprili na kuvunwa kati ya Oktoba na Desemba. Ni msimu mmoja tu wa mahindi kwa mwaka. Bungoma iko chini zaidi, karibu mita 1,400, kwa hiyo mahindi yake hukomaa mapema, Agosti na Septemba, na wengi hupanda tena maharagwe ama mazao mengine ya muda mfupi. Lakini ikifika Januari, sote tuko sawa. Ni kiangazi.

Wazee wetu walijua jambo hili vizuri, hata wakaliweka katika majina ya watoto. Chukua majina ya Wabukusu uyapange kwa mstari, utapata kalenda kamili ya shamba. Wafula na Nafula ni watoto wa mvua. Wanyonyi na Nanyonyi walizaliwa wakati wa palizi. Wanjala na Nanjala walikuja wakati wa njala, ule wakati ambapo ghala liko tupu na mahindi ya shambani bado ni mabichi. Wekesa na Nekesa ni wa mavuno. Halafu kuna Simiyu na Nasimiyu, watoto wa kiangazi. Jirani zetu Wakalenjin nao wana Kiprop wa mvua na Kipkemei wa kiangazi.

Angalia basi: kiangazi hakikuachwa bila jina. Hawakusema, "Huu ni muda mtupu kati ya mavuno na mvua." Ulikuwa wakati kamili, wenye heshima yake na shughuli zake. Nyumba zilijengwa na kuezekwa. Mahari ilizungumzwa. Ndugu wa mbali walitembelewa. Kesi za mipaka zilisikizwa chini ya mti, watu wakiwa wameshiba na hawana haraka. Mwili ulipumzika, lakini jamii ilikuwa ikijitengeneza.

2. MAPUMZIKO YALIPOTELEA WAPI?

Mambo mengi yalibadilika, na ni vizuri vijana wetu wayajue.

La kwanza ni kazi ya mzungu. Mashamba makubwa ya Trans Nzoia yalipokatwa, watu wengi, kutoka Bungoma na kwingineko, walikuja kuishi humo kama maskwota. Kwa sheria ya mwaka 1918, skwota alitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi si chini ya siku 180 kwa mwaka ndipo aruhusiwe kukaa na kulima kipande chake. Kuanzia mwaka 1920 mwanaume alivaa kipande shingoni. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi yakawa mali ya kupelekwa mbali, na kazi ikaongezeka. Kuanzia hapo, mtu hakuamua mwenyewe lini atalima na lini atapumzika. Kupumzika kulikuwa ruhusa ya mwenye shamba.

La pili ni udogo wa mashamba. Baada ya Uhuru wa 1963 mashamba mengi ya walowezi yaligawanywa, na familia zikapata ekari zao. Tulishukuru. Lakini baba akagawia wana, na wana wakagawia wao. Zamani mtu aliweza kuacha sehemu ya shamba ilale miaka miwili ama mitatu huku akilima kwingine. Leo mwenye ekari moja na nusu ataiacha vipi ilale? Basi ardhi inapandwa mahindi mwaka hadi mwaka, haipumui.

La tatu ni pesa. Krismasi inaingia Desemba, na karo inaingia Januari. Mbolea na mbegu zinatakikana kabla ya Machi. Miezi ambayo ilikuwa ya utulivu imekuwa miezi ya kukimbia huku na huko kutafuta shilingi. Wengine wanatoka kiangazi wakiwa wamechoka kuliko walivyokuwa wakati wa palizi.

Kwa hiyo tunaposema "turudi kwenye mapumziko," hatusemi turudi miaka ya zamani. Haiwezekani. Tunasema tutafute namna ya kupumzika inayofaa mtu mwenye ekari moja na nusu na watoto wanne shuleni.

3. KUPUMZIKA SI UVIVU

Wako watu ambao wakisikia neno kupumzika, wanafikiria busaa. Mtu anamaliza kuvuna, anauza magunia mawili, na kuanzia hapo hadi mvua ya kwanza anaonekana nyumbani saa ya kulala tu. Huyo hajapumzika. Mwili wake unaharibika, mfuko wake unatoboka, na Machi itamkuta mgonjwa na bila mbegu.

Na wako wa upande mwingine, ambao wanaona haya kukaa chini. Hata akiugua mgongo ataenda shambani, asije jirani akamwita mvivu. Huyu naye amekosea njia. Mwili si jembe la kununua lingine dukani.

Fungueni Biblia msome wenyewe: Kutoka 23:10–12, Walawi 25:1–7, Kumbukumbu la Torati 5:12–15 na Marko 6:30–32. Mtaona mambo manne. Kwanza, mapumziko yaliamriwa kwa ardhi, si kwa watu peke yao. Pili, ng'ombe na punda wametajwa. Tatu, mtumishi na mgeni wametajwa, na sababu imetolewa: watu wale waliwahi kuwa watumwa Misri, na mtumwa hana siku yake. Nne, hata wale mitume walipotoka kazini wakiwa hawana nafasi ya kula, waliitwa kando wapumzike kidogo.

Kwa hiyo kipimo ni hiki. Mapumziko ya kweli humfikia kila mmoja nyumbani, hata yule wa chini kabisa. Kama yanamfikia mkubwa tu, hayo bado si mapumziko. Ni cheo.

4. MAPUMZIKO YA MWILI: NANI HAPUMZIKI?

Hapa wanaume tuvumilie kidogo, kwa sababu ukweli unauma.

Kiangazi kikiingia, kazi ya plau inapungua, palizi hakuna, kuvuna kumeisha. Kazi nyingi za mwanaume zinapumzika. Lakini kazi za mama je? Chakula kinapikwa kila siku. Nguo zinafuliwa. Tena maji! Kile kisima cha karibu kimekauka, chemchemi inatoa kidogo kidogo, kuna foleni ya mitungi tangu alfajiri. Nyasi ya ng'ombe inatafutwa mbali. Kwa hiyo wakati ule ule baba anapopumzika, mama anaongezewa kazi.

Jaribuni mchezo huu mfupi katika kikundi. Wawili wasimame waigize, na wanaume waige mama ikiwezekana:

BABA: Mama Wekesa, mbona chai imechelewa leo?
MAMA: Baba Wekesa, maji yalichelewa. Nimetoka saa kumi na moja, nimefika foleni nikakuta watu ishirini.
BABA: Si ungeenda mapema?
MAMA: Mapema kuliko saa kumi na moja, baba?
BABA: Lakini sasa ni kiangazi. Hakuna kazi. Watu wanapumzika.
MAMA: Ni kweli, watu wanapumzika. Na mimi nangoja siku ile nitahesabiwa kuwa mtu.

Baada ya mchezo msicheke tu. Chukueni karatasi mbili. Katika moja andikeni saa za mama, kuanzia kuamka hadi kulala, siku ya kawaida ya Januari. Katika nyingine andikeni saa za baba, siku hiyo hiyo. Asiyejua kuandika achore ama aweke mawe. Halafu ziwekeni karatasi zote mbili ukutani, mkae kimya dakika mbili mzitazame. Msilaumiane. Ulizeni tu: ni kazi gani moja hapa inaweza kuhamishwa ama kupunguzwa wiki hii?

Njia zipo, na nyingi hazihitaji pesa nyingi:

(a) Maji. Mwenye baiskeli ama punda abebe mitungi. Hii ni kazi ya mwanaume na kijana bila aibu yoyote. Kisha kiangazi ndicho wakati wa kujengea chemchemi, kwa sababu maji yamepungua na watu wana nafasi. Mawe, mchanga, simenti kidogo na bomba, pamoja na uzio wa kuzuia ng'ombe, na mtaro juu yake wa kugeuza maji machafu ya mvua. Kikundi cha nyumba kumi na tano kinaweza kuanza, wakimwita afisa wa maji ama wa afya awaelekeze.

(b) Kuni. Jiko la udongo la kupunguza kuni, lile ambalo akina mama wengi wanalijua tangu miaka ya themanini kama jiko la Maendeleo, hula kuni kidogo kuliko mafiga matatu na hupunguza moshi. Mama akipunguziwa safari moja ya kuni kwa wiki, hayo ni masaa amerudishiwa.

(c) Siku moja. Familia ichague siku moja kwa wiki ambayo hakuna kazi ya shamba wala ya soko, na chakula cha siku hiyo kitayarishwe jana yake ama kipikwe na wavulana. Ndiyo, wavulana. Kijana aliyekwisha kutahiriwa hataharibika akipika ugali.

Na mwenye maumivu yaliyokaa, ya mgongo, ya magoti ama ya tumbo, asiseme "ni uchovu tu." Wakati wa palizi hakupata nafasi ya kwenda zahanati. Sasa aende. Mama mjamzito ndiye wa kwanza kabisa kupunguziwa mizigo, asingoje kuomba.

Msisahau ng'ombe wa plau. Amefanya kazi kuliko sisi sote. Akifika Machi mifupa nje, hataweza kuvuta, na utachelewa kupanda. Mwekee mabua ya mahindi chini ya paa ili yasiharibiwe na jua, yakatekate vipande vidogo ndipo umpe, na mwongezee majani ya matete na maji ya kutosha. Mtazame shingo kama ana kidonda cha nira, kitibiwe sasa.

5. MAPUMZIKO YA UDONGO

Udongo nao huchoka. Dalili zake unazijua: mahindi ni ya manjano hata ukiweka mbolea, mabua ni membamba, gunia zinapungua mwaka kwa mwaka. Wengi wetu tukiona hivyo tunaongeza DAP. Lakini mashamba mengi ya Trans Nzoia na sehemu hizi yamekuwa na asidi nyingi, na mbolea ya namna hiyo, ikitumika peke yake miaka mingi, huongeza asidi. Mmea unashindwa kula hata kile kilichowekwa. Ni kama kumwekea mgonjwa wa tumbo sahani ya nyama.

Sasa, kama huwezi kuliacha shamba lilale, ulipumzishe vipi? Tunasema: lipumzishe kutoka kwa mahindi, na lipumzishe kutoka kwa jua.

Kulipumzisha kutoka kwa mahindi ni kubadilisha zao. Gawa shamba sehemu tatu ama nne, na kila mwaka sehemu moja isione mahindi kabisa. Ipandwe maharagwe, soya, njugu karanga, viazi vitamu ama mboga. Faida si ya rutuba tu. Ule ugonjwa wa kuua mahindi ulioonekana nchini kwetu mwaka 2011, kuanzia Bomet, huendelea pale mahindi yanapofuata mahindi bila nafasi. Wataalamu walishauri mkulima aliyeathirika apande mazao yasiyo ya jamii ya nafaka. Na wale viwavi walioingia mwaka 2017 hufurahia sana wakikuta mahindi shambani miezi yote.

Kwa ndugu wa sehemu za chini za Bungoma, kuna lile gugu lenye maua ya zambarau, striga, ambalo wengi huliita kayongo. Mbegu zake ni kama vumbi, na hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja mzizi wa mahindi. Ling'oe kabla halijatoa maua. Wako wakulima wanaopanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya matete pembeni. Desmodiamu hulishinda gugu hilo na kumfukuza mdudu anayetoboa mabua, na matete humvuta mdudu huyo nje ya shamba. Njia hiyo ilianza kujaribiwa katika mashamba ya wakulima wa Trans Nzoia na Suba miaka ya tisini. Tena majani yote mawili ni chakula cha ng'ombe.

Kulipumzisha kutoka kwa jua ni kulifunika. Tafadhali, tuache kuchoma mabua! Moshi ule unaoficha mlima ni rutuba yetu inayopaa. Mabua ambayo ng'ombe hawakuyala yalazwe juu ya udongo ama yakusanywe kwa mboji pamoja na samadi, majivu kidogo na majani mabichi, kisha rundo lifunikwe na kunyunyiziwa maji yaliyotumika kuoshea vyombo. Kituo cha Manor House, karibu na Kitale, kimefundisha kilimo cha namna hii, cha mboji na kuchimba udongo kwa kina, tangu mwaka 1984, na wako watu katika vijiji vyetu waliopitia huko. Waulizeni, wana ujuzi.

Na kiangazi ndicho wakati wa kupima udongo. Chimba mahali kumi ama zaidi ukienda kwa mkato wa nyoka, kina cha sentimita 20, usichukue penye kichuguu wala penye samadi. Changanya katika ndoo safi, anika kivulini, pima nusu kilo, andika jina lako na la shamba, upeleke kwa afisa wa kilimo ama kituo cha utafiti cha Kitale. Ukiambiwa uweke chokaa, iweke mapema, wiki kadhaa kabla ya kupanda, ipate nafasi ya kufanya kazi. Ukingoja mvua ya kwanza ndipo ukumbuke kupima, umechelewa kwa mwaka mzima.

6. MAPUMZIKO YA FIKIRA: KAA CHINI UHESABU

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo hili. Maamuzi mazito ya mwaka mzima hufanywa ndani ya wiki chache hizi: kuuza mahindi, kukodisha shamba, kukopa, kumpeleka mtoto shule gani. Na mara nyingi hufanywa na mtu mmoja, amesimama, mlangoni, mnunuzi akiwa tayari ameshika pesa na lori linanguruma. Haraka haraka haina baraka.

Hebu tuchukue mfano. Bei hizi ni za mfano tu, nyinyi wekeni zenu. Familia ya watu saba imevuna magunia 20. Kwa kadiri, mtu mmoja hula karibu gunia moja la kilo 90 kwa mwaka. Kwa hiyo chakula ni magunia 7, na ya kuuza ni 13. Lakini Desemba imefika, kuna nguo, kuna wageni, kuna deni la duka. Wanauza 17 kwa shilingi 2,500 kila moja, wanabaki na 3. Yale matatu yanaisha baada ya miezi mitano, yaani Aprili. Hapo ndipo Wanjala anazaliwa! Sasa wanahitaji magunia 4 kufikia mavuno, na bei imepanda hadi 4,000. Yale manne waliyauza kwa shilingi 10,000, na sasa wanayanunua kwa shilingi 16,000. Wamepoteza shilingi 6,000, na hawakuibiwa na mtu yeyote. Walikosa jioni moja ya kukaa chini na kuhesabu.

Basi kabla ya gunia la kwanza kutoka nyumbani, ketini mhesabu pamoja. Watoto wakubwa nao wawepo. Tengeni mafungu: la chakula, la mbegu na mbolea, la karo, la deni, la wagonjwa na dharura, na la wageni. Fungu la chakula lifungwe na mama awe na sauti juu yake. Lisiguswe.

Na chakula chenyewe kihifadhiwe vizuri. Mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kiasi cha kiganja, jaza mahindi hadi nusu, funga, tikisa, uache kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Ikidondoka yote, umeanza kufika. Anika siku nyingine moja ama mbili kwa yale ya kukaa muda mrefu. Tusifanye mzaha na ukungu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa upande wa Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Na kiangazi hakina ahadi: mwaka 1997 mvua ya El Niño haikukoma hata Desemba, ikaendelea hadi 1998. Kwa hiyo siku ya jua ikipatikana, itumie.

Jambo la kukodisha shamba pia lizungumzwe na familia nzima. Wengine hukodisha ekari yao pekee Januari kwa ajili ya karo, halafu mwaka mzima wanafanya kibarua katika ardhi yao wenyewe. Huenda kuna njia nyingine: kuzungumza na mwalimu mkuu juu ya kulipa kidogo kidogo, kuuza mbuzi mmoja, kuchukua zamu ya chama. Hutazijua njia hizo ukiamua peke yako, usiku, ukiwa na hofu.

Mwisho, wakati watoto wamerudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, wazee waonyeshe mipaka na waandike mapenzi yao juu ya ardhi, wakishuhudiwa. Kesi nyingi zinazomaliza mali ya mayatima na wajane zilianzia kwa mzee aliyesema, "Tutazungumza mwaka ujao."

7. KALENDA YA KUJARIBU

DESEMBA: Maliza kuvuna, kausha, pima kwa chumvi, hifadhi. Kikao cha hesabu kabla ya kuuza. Mikutano ya ukoo na mipaka.

JANUARI: Pumzisha mwili. Zahanati kwa wenye maumivu. Karatasi mbili za saa. Kupima udongo. Kujenga chemchemi na majiko. Kutembelea wagonjwa na majirani mliokosana nao.

FEBRUARI: Plau ya kwanza, magugu yakauke juani. Chokaa. Kununua mbegu kwa duka linaloaminika na kuweka risiti. Kunoa majembe, kurekebisha nira.

MACHI: Kuwa tayari. Mvua ikianza, asiyejua la kufanya ni yule ambaye hakuketi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yako, nani alipumzika kiangazi kilichopita na nani hakupumzika? Kwa nini?
2. Taja maana ya majina ya watoto wenu yanayohusu majira. Yanawaambia nini juu ya mwaka wa mkulima?
3. Ni uamuzi gani mwaka jana ulifanywa kwa haraka katika kijiji chetu, na ukatugharimu?
4. Ni sehemu gani ya shamba lako haijawahi kupumzika kutoka kwa mahindi kwa miaka mitano? Utapanda nini hapo?
5. Chemchemi gani tunaweza kujengea kabla ya mvua? Nani ataleta mawe, nani mchanga?

KAZI YA WIKI: Kila mmoja achague saa moja, tu, ya kukaa kimya bila redio wala simu, chini ya mti ama nyuma ya nyumba. Asifanye lolote. Akija mtu kumuuliza, "Unafanya nini hapo?" ajibu, "Ninapalilia." Katika mkutano ujao aelezee alichokiona.

Wapendwa, mvua itarudi. Haijawahi kuuliza kama tuko tayari. Itukute tuna nguvu mwilini, chakula ghalani, na amani nyumbani.

Tuonane katika somo lijalo. Mbarikiwe.